Tanga kuu linaloviringishwa ndani ya mlingoti: kulikinga lisikwame na kulinasua likikwama

Boti nyingi za matanga zinazokodishwa kwa watalii katika Mediterania na Karibi, pamoja na baadhi ya boti za wasafiri wa masafa marefu wanaotia nanga Kilifi na Mtwapa, zina tanga kuu ambalo halitwekwi wala halituliwi kila siku, bali huviringishwa ndani ya mlingoti wenyewe. Mmoja wa waliolifanya jambo hili lijulikane, katika miaka ya 1970, ni Ted Hood, mshona matanga wa Marblehead, Massachusetts, ambaye mwaka 1974 alikuwa nahodha wa boti Courageous iliposhinda America's Cup, mashindano maarufu ya boti za matanga; mlingoti wa kampuni yake uliitwa Stoway. Siku hizi milingoti ya aina hii hutoka kwa watengenezaji kadhaa, wakiwamo Seldén wa Sweden na Z-Spars wa Ufaransa. Mabaharia wa mashindano huidharau kwa sababu tanga lake hushonwa likiwa bapa na lenye eneo dogo, na katika hilo wana haki. Hata hivyo, kwa watu wawili walio peke yao katika boti ya mita 13, kuweza kupunguza tanga bila kutoka penye usukani ni jambo ambalo wengi hawako tayari kuliacha.

Bei ya raha hiyo ni hofu ya kukwama. Katika jahazi, mambo yakiharibika, nahodha huamuru jarari (kamba ya kutwekea) ilegezwe, foromali (mti unaobeba tanga) ikashuka na tanga likashuka nayo. Tanga tunalolizungumzia hapa halina njia hiyo. Ukingo wake wa mbele umepenyezwa katika mfuo wa mhimili ulio ndani ya mlingoti, na kwa hiyo haliwezi kutuliwa mpaka kwanza litolewe lote nje. Likikwama nusu nje na nusu ndani huku upepo ukiongezeka, nahodha anabaki na tanga asiloweza kulifunga wala kulishusha. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kuzuia, na mtu atakayesoma sehemu ya kunasua peke yake atakuwa amechelewa.

Yaliyomo ndani ya mlingoti

Upande wa nyuma wa mlingoti kuna uvungu mrefu wenye mwanya mwembamba unaoelekea tezi, yaani upande wa nyuma wa boti. Ndani ya uvungu huo husimama mhimili wa alumini unaozunguka kwa beringi za chini na za juu. Pembe ya juu ya tanga hushikwa na henza, yaani kamba ya kulitwekea, kupitia kipande kinachozunguka, ili mhimili ukigeuka henza isijisokote. Chini, karibu na mahali boriti ya tanga, yaani mti wa mlalo ulio chini ya tanga, inapoungana na mlingoti, kuna giya inayoendeshwa kwa kamba ya kuviringishia, kwa mkono wa winchi, au kwa mota ya umeme. Pembe ya nyuma ya tanga huvutwa kuelekea mwisho wa boriti kwa kamba nyingine, ambayo katika mwongozo huu nitaiita kamba ya pembe. Kamba hizi mbili hufanya kazi kwa kupingana: moja ikivuta, nyingine hulegezwa, lakini haiachiwi kamwe.

Nafasi iliyopo ndani ya uvungu ni ndogo. Tanga lililozongwa kwa kukazwa hukaa humo bila kugusa kuta. Tanga lilelile likizongwa kwa ulegevu huwa nene, hujaza uvungu, na mkunjo mmoja tu wa kitambaa unaweza kuusukuma mzongo wote dhidi ya kingo za mwanya. Anayelitoa hukuta kitambaa cha nje kimeubana mkunjo, na kila anavyozidi kuvuta ndivyo kinavyozidi kuubana. Kwa hiyo tanga huonekana kukwama wakati wa kutolewa, ilhali kosa lilitendeka siku iliyotangulia, wakati wa kuliingiza. Huu ndio msingi wa yote yanayofuata.

Kuliingiza tanga

Jua kwanza mhimili wako unazunguka kuelekea wapi. Simama nyuma ya mlingoti, tanga likiwa limetoka kidogo, kisha utazame ndani ya mwanya ili uone kitambaa kinajizongea upande upi wa mhimili, kulia au kushoto ukiwa umeelekea omo, yaani mbele ya boti. Wakati wa kuviringisha, upepo utoke upande huohuo. Ikiwa kitambaa kinaingilia upande wa kulia wa mhimili, upepo utoke kulia, ili tanga na boriti vielekee kidogo kushoto, na kitambaa kipite moja kwa moja katika mwanya bila kupindwa kwenye ukingo wake. Ukifanya kinyume, kitambaa hupinda kwa pembe kali na kusugua alumini urefu wote wa mlingoti, na msuguano huo ndio unaofanya winchi iwe nzito. Katika milingoti mingi upande unaofaa ni kulia, lakini usiamini maneno ya mtu aliyezoea boti nyingine. Tazama mwenyewe, kisha uandike jibu kwenye kibandiko karibu na winchi.

Pili, rekebisha boriti. Jambo hili husahaulika zaidi kuliko yote, nami naliona kuwa chanzo cha matatizo mengi yanayosingiziwa giya. Boriti inapaswa kufanya pembe mraba na mlingoti, au mwisho wake wa nyuma uinuke juu kidogo ya hapo. Boriti ikining'inia chini, mvuto wote huenda kwenye ukingo wa nyuma wa tanga, ukingo wa chini hulegea, na kitambaa hurundikana chini ya mzongo, karibu na giya. Boriti ikiinuliwa kupita kiasi, ukingo wa chini hukazwa na ukingo wa nyuma hulegea, na mikunjo hutokea juu, mahali ambapo mkono haufiki. Siku ya bahari tulivu, jaribu urefu mbalimbali wa kamba ya kuinulia boriti, au wa nguzo yenye springi kama ipo, mpaka uone tanga linaingia bila kukunjamana juu wala chini. Kisha tia alama kwenye kamba kwa uzi wa rangi. Tangu hapo hakuna haja ya kukisia.

Tatu, legeza waya wa nyuma wa mlingoti ikiwa umeukaza kwa ajili ya kwenda joshi, yaani kuukaribia upepo. Mlingoti uliopindika huufanya mhimili ulio ndani yake uusogelee ukuta wa uvungu, na tanga linalozongwa juu ya mhimili wa namna hiyo hugusa mwanya mapema, hasa katikati.

Baada ya hapo kazi yenyewe ni ya dakika chache. Washa injini, elekeza omo karibu na upepo, lakini usiuelekeze moja kwa moja, kwa sababu tanga linalopigapiga huku na huku haliwezi kuzongwa sawasawa. Nyuzi 20 au 30 kutoka kwenye upepo, upande uliouchagua, zinatosha. Legeza demani (kamba ya kuongozea tanga) na kamba inayovuta boriti chini, ili tanga lisibebe upepo. Mtu mmoja avute kamba ya kuviringishia, na mwingine ailegeze kamba ya pembe kidogo kidogo huku akiishikilia kwa mzunguko mmoja au miwili kwenye winchi, ili ibaki na mvuto muda wote. Anayevuta anapaswa kuhisi uzito wa wastani. Akihisi wepesi kabisa, mwenzake anaachia mno. Akihisi uzito unaopanda ghafla, wote wawili wasimame.

Macho yawe juu, kwenye mwanya, na yasitazame winchi. Ukiona mkunjo unaelekea kuingia, hata ukiwa mdogo kiasi cha upana wa kidole, simama, litoe tanga mita moja nje, likaze, kisha uendelee. Wenye haraka huuacha mkunjo uingie wakitumaini kwamba utajinyoosha wenyewe humo ndani, na haujinyooshi. Mwisho, acha pembe ya nyuma ya tanga pamoja na pete yake nje ya mwanya, funga kufuli ya meno ya giya, na ukaze kamba ya pembe kiasi. Kufuli isipofungwa, au kamba ya pembe ikiachwa bila mvuto, mtikisiko wa boti bandarini kwa siku kadhaa huulegeza mzongo ndani ya mlingoti bila mtu kuona, na safari inayofuata huanza kwa shida ambayo hakuna anayekumbuka kuisababisha.

Kulitoa na kulipunguza

Kulitoa ni kinyume cha kuliingiza, isipokuwa jambo moja: usiiachie huru kamba ya kuviringishia. Kamba ya pembe ikivutwa kwa nguvu huku mhimili ukizunguka bila kizuizi, mzongo hufunguka ndani kwa kasi kuliko kitambaa kinavyoweza kutoka mwanyani, hupanuka, na kujaza uvungu. Mshikaji wa kamba ya kuviringishia na aizuie kidogo, kiasi cha kumfanya mvutaji ajue kwamba kuna mtu upande wa pili. Elekea karibu na upepo, lakini acha tanga lishike upepo mdogo sana. Upepo huo wenyewe husaidia kulivuta nje.

Unapopunguza tanga njiani, utaratibu ni uleule. Kishawishi hapa ni kulipunguza ukiwa unakwenda na upepo wa nyuma, kwa kuwa kugeuza boti dhidi ya mawimbi kunachosha. Wenye uzoefu mkubwa huweza, tena kwa hatua ndogo ndogo. Mwenye tanga la zamani asijaribu: likiwa limeegemea nyaya za pembeni za mlingoti, kitambaa huingia kikiwa kimepinda, na mvuto wa kamba ya pembe hauwezi kukinyoosha.

Neno kwa wenye mota ya umeme. Mkono wa mtu huhisi uzito ukipanda. Kitufe hakihisi kitu. Mota ina nguvu ya kutosha kuchana tanga, kuharibu giya, au kulisokomeza tanga lililokunjamana ndani zaidi kiasi cha kulifanya lishindikane. Bonyeza kwa vipindi vifupi, sikiliza sauti, na ikibadilika kidogo tu acha. Kila mtu chomboni ajue swichi ya kinga ya mota iko wapi, na mkono wa kuzungushia giya bila umeme umewekwa wapi.

Likikwama

Acha kuvuta. Agizo hili ni gumu kuliko linavyosikika, kwa kuwa aliye kwenye winchi hudhani kwamba bado mzunguko mmoja tu tanga litaachia. Kisha ondoa upepo kwenye tanga kwa kugeukia karibu na upepo na kulegeza demani, na uhakikishe kwamba boti ina nafasi ya kutosha kuelea mbali na miamba na vyombo vingine, maana kazi hii inaweza kuchukua nusu saa.

Kabla ya kugusa tanga, kagua mambo ya kawaida ambayo hufanana na kukwama. Je, kibanio cha kamba ya pembe kimefunguliwa? Je, kufuli ya meno iko katika hali inayoruhusu mzunguko unaoutaka? Je, kamba ya kuviringishia imejipandia yenyewe kwenye gurudumu lake au kwenye winchi? Mara nyingi tatizo huishia hapa. Ikiwa yote ni sawa, legeza kamba ya pembe na ujaribu kuzungusha giya kwa mkono, taratibu, pande zote mbili. Mhimili ukizunguka kidogo kisha ukazuiwa polepole kama unaosukuma mto wa sufi, tatizo ni kitambaa. Ukigoma mara moja, kwa ugumu wa chuma, tatizo ni giya, beringi au kamba, na kulivuta tanga hakutasaidia lolote.

Kama ni kitambaa, tafuta mkunjo ulipo. Darubini inafaa, na kamera ya simu iliyovutwa karibu inafaa vilevile. Mkunjo huonekana kama uvimbe uliojaza mwanya, kwa kawaida chini karibu na giya au katika theluthi ya juu ya mlingoti. Ukishaujua, fuata hatua hizi kwa mpangilio, na usiende kwenye hatua inayofuata kabla ya kuijaribu iliyotangulia mara kadhaa.

Hatua ya kwanza ni kulizonga tanga upya kwa kulikaza. Inaonekana kinyume cha akili, lakini kwa tanga lililogoma kutoka, mwendo wa kwanza ni kuliingiza: viringisha kwa mkono kadiri linavyokubali, kamba ya pembe ikiwa na mvuto, ili mzongo uwe mwembamba na uondoke kwenye kingo za mwanya. Kisha litoe taratibu. Litatoka kiasi, litagoma tena. Liingize tena, litoe tena. Kila mara linapata sentimita kadhaa. Tanga nyingi hunasuliwa kwa hatua hii peke yake, bila kifaa chochote zaidi ya subira.

Hatua ya pili ni kuongeza mkono wa mtu penye mlingoti. Mtu asimame sitahani, akamate kitambaa kilichotoka karibu na mwanya, akivute kuelekea tezi na kukitikisa huku mwenzake akizungusha giya. Asikaribishe vidole mwanyani wakati mhimili unazunguka, na mwenye kitufe cha umeme asikiguse kabisa mtu huyo anapokuwa pale.

Hatua ya tatu ni kubadili mwelekeo wa mvuto. Mkunjo ukiwa juu, shusha mwisho wa boriti ili mvuto uende kwenye ukingo wa nyuma na kufika juu; unaweza pia kufunga kamba kwenye pete ya pembe ya nyuma na kuivuta chini kwa mkono. Mkunjo ukiwa chini, inua boriti na uvute kuelekea tezi. Jaribu vilevile kuleta upepo upande wa pili wa boti, kwani mara nyingine kitambaa kilichobanwa na ukingo mmoja wa mwanya huachiwa na ukingo wa pili.

Hatua ya nne ni henza. Ilegeze kidogo, kiasi cha upana wa kiganja, ili ukingo wa mbele upumue, ujaribu tena, kisha ikaze ujaribu kwa mara nyingine. Usiilegeze kabisa: tanga litateleza chini ndani ya uvungu na kujirundika juu ya giya, na hapo utakuwa na matatizo mawili.

Ikiwa tanga limegoma kuingia na si kutoka, hatua ni zilezile, ila lengo ni kulitoa lote nje kwanza, kuondoa mkunjo, kisha kulianza upya. Ikiwa upepo ni mkali mno kwa tanga zima, elekeza omo kwenye upepo kwa injini na ulitoe kwa vipande huku demani ikiwa huru.

Itokeapo kwamba haliingii wala halitoki na giza linakaribia, usiendelee kupigana nalo. Chukua henza ya akiba au kamba ya kuinulia boriti, izungushe kuuzunguka mlingoti pamoja na tanga lililo nje mara nyingi kadiri uwezavyo, kuanzia chini, uikaze kwenye winchi, na tanga litabanwa dhidi ya mlingoti lisishike upepo. Haipendezi kutazama, lakini utafika bandarini.

Kupanda mlingoti ni kwa bandarini au kwenye maji tulivu, kwa kiti cha kupandia na mkanda wa usalama vilivyofungwa kwenye henza mbili tofauti. Baharini, mtikisiko mdogo wa sitahani huwa ni bembea kubwa huko juu. Anayepanda achukue kipande chembamba cha plastiki chenye kingo butu, kama mwiko wa jikoni au ufito wa tanga (kijiti bapa kinachotiwa katika tanga ili kulipa umbo), akipenyeze kati ya kitambaa na ukingo wa mwanya na kuurudisha mkunjo ndani au kuutoa nje, huku aliye chini akizungusha kwa amri yake tu. Bisibisi hutoboa tanga na kukwaruza alumini, na mkwaruzo huo utalikata tanga kila siku baada ya hapo. Kisu ni cha mwisho kabisa, wakati chombo kiko hatarini.

Baada ya kulinasua

Usiliviringishe upya na kusahau. Litoe lote, lichunguze, na siku ya asubuhi isiyo na upepo lishushe chini. Suuza uvungu na giya kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kwa kuwa chumvi iliyokauka pamoja na vumbi huongeza msuguano na kuharibu beringi. Pitisha mkono wako, ukiwa umevaa glavu nyembamba ya nailoni, kwenye kingo zote za mwanya unazoweza kuzifikia. Glavu ikinasa mahali, tanga nalo hunasa papo hapo, na patahitaji kulainishwa kwa msasa laini. Kagua skrubu za viungo vya mhimili. Kwenye mwanya na ukingo wa mbele wa tanga tumia dawa kavu ya silikoni. Grisi ni ya beringi peke yake, na tena ile aliyoitaja mtengenezaji, maana grisi mwanyani hukusanya mchanga.

Tazama pia henza yako. Henza inayovutika na kurefuka hulegea upepo ukiongezeka, na mikunjo ya mlalo kwenye ukingo wa mbele ni dalili yake. Kaza mpaka mikunjo hiyo ipotee, usizidishe mpaka mkunjo wa wima utokee kandokando ya mlingoti, kwani mvuto mkubwa huzielemea beringi na kufanya mhimili uwe mzito. Kamba nyembamba iliyo ndani ya ukingo wa nyuma nayo ilegezwe kabla ya kuviringisha, na ncha yake ifungwe isining'inie, maana hupenda kutangulia mwanyani.

Hatimaye kuna umri wa tanga. Kitambaa cha poliesta kilichochoka hutanuka katikati na kufanya tumbo, na tumbo hilo haliwezi kuzongwa bila mikunjo, hata baharia awe stadi namna gani. Ukifuata yote yaliyotangulia na bado mikunjo inatokea mahali palepale kila mara, mpe mshona matanga alipunguze tumbo au akushonee jipya. Unapoagiza jipya, mpe jina la mtengenezaji wa mlingoti na upana wa mwanya, na umweleze kama unataka fito za wima au la. Fito hizo huongeza eneo la tanga na kuboresha umbo lake, lakini kila ufito na mfuko wake ni unene zaidi unaopaswa kupita katika mwanya uleule, na usipoingia ukiwa sambamba na mhimili hukwama. Kwa boti ya kusafiria yenye watu wachache, mimi ningechagua tanga lisilo na fito, na kuvumilia kwenda polepole kidogo.